Daftari la Zamu ya Usiku

Karibu Rau, mkaguzi.
Mapazia unayoyaona ni ya jana,
bado yana mikunjo ya dukani.
Mashuka pia. Na dawa ya sakafu
inanukia hadi barabarani; wapita njia
walijua unakuja kabla yetu.

Fomu yako naijua, mwaka jana niliishika.
Vitanda vingapi, vyoo vingapi,
vishikio vya ukutani vipo au havipo,
mzee anaoga mara ngapi kwa wiki.
Tia tiki. Vipo. Tunaogesha.

Ila haina pa kuandika moto wa maji.
Mimi hupima kwa kiwiko
kama namwogesha mtoto wa siku arobaini,
kisha humwambia Mzee Elirehema,
"Sasa nakugusa mgongo,"
maana macho yake yalizima zamani,
na mkono usiotanguliwa na sauti
kwake ni mkono wa mwizi.

Alikuwa mpiga bendera, stesheni ya Moshi.
Saa kumi alfajiri huamka akauliza
treni ya Tanga imefika wapi.
Walezi wageni humjibu, "Treni gani, babu? Lala."
Mimi humwambia imechelewa Korogwe.
Hapo hutulia. Kuchelewa anakujua.
Sijui kama huo ni uongo au ni dawa.
Fomu haikuuliza.

Bi Ndeonasia alisusa bakuli la plastiki.
Mtori una heshima yake, alisema,
haumiminwi kwenye chombo cha kuogea.
Nikashuka Mbuyuni nikamnunulia bakuli la bati
lenye ua jekundu ubavuni,
shilingi elfu mbili na mia tano, zangu, risiti sina.
Alikula akamaliza. Akaligeuza,
akatazama chini yake kama anatafuta lingine.

Na huyu wa chumba cha mwisho usimwite bibi.
"Nilikuwa na jina kabla mama yako hajazaliwa."
Ni Mwalimu Apaikunda. Alifundisha hesabu Kibosho,
na vidole vyake vilivyopinda
vinajua bado kushika chaki isiyokuwepo.

Sasa fungua ukurasa wa tarehe kumi na nne.

Usiku ule tulikuwa wawili kwa wazee ishirini na sita.
Mwenzangu alikuwa na homa, nikamwambia alale kidogo.
Nami nikaketi. Nikasema nafumba jicho moja.

Mwalimu aligonga saa nane.
Kengele yetu ni kijiko na kikombe cha bati.
Niliisikia ndotoni, nikadhani ni ya kanisa,
nikajisemea Jumapili imefika mapema.

Saa kumi na moja nilimkuta amelowa,
ameketi wima kitandani, magoti pamoja,
kama mwanafunzi aliyesahauliwa kwenye adhabu,
kijiko bado mkononi.
Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia.
Alisema tu:
"Nimegonga mara mia moja na tisa. Nilihesabu."

Nilimbadilisha nguo. Nilimkausha, nikampaka mafuta.
Kisha nikaja hapa mezani nikaandika
*Usiku salama.*

Jana, wenzangu walipokuwa juu ya ngazi na mapazia,
niliyapigia maneno hayo mstari mmoja.
Sikuyafuta; yanasomeka.
Chini yake nimeandika saa nane, saa kumi na moja,
na jina langu, Aikande, herufi zote.
Meneja hajaona. Au kaona, kanyamaza.

Ukitaka kuniadhibu, niadhibu.
Lakini pale penye "idadi ya walezi" usitie tiki,
andika wawili. Andika ishirini na sita.
Acha wino ukauke ndipo ufunge.

Kisha nenda chumba cha mwisho, peke yako.
Gonga kabla hujaingia.
Hatakujibu upesi; siku hizi
husubirisha kila mtu, makusudi.
Wewe simama hapo nje.
Hesabu.